Nguvu na Ushupavu: Maneno Mawili kutoka Ukuta wa Fito hadi Bamba la Katani

Utangulizi

Katika vitabu vya uhandisi vilivyoandikwa kwa lugha za kigeni zimo sifa mbili za vitu ambazo mfasiri wa Kiswahili huelekea kuziweka chini ya neno moja, nalo ni "imara". Sifa ya kwanza ni uwezo wa kitu kubeba mzigo mkubwa kabla ya kukatika. Ya pili ni uwezo wa kitu kupigwa, kupasuka kidogo, na bado kisivunjike vipande viwili. Watu wengi hudhani kwamba sifa hizi ni moja, au kwamba ya pili huifuata ya kwanza kama kivuli. Sivyo. Kioo kikivutwa kwa utaratibu hubeba mzigo mkubwa, lakini kikianguka sakafuni huwa vigae. Kamba ya kumbi haina nguvu za uzi wa kioo, lakini hakuna aliyepata kuiona ikivunjika kwa kuangushwa.

Madhumuni ya makala haya ni kueleza historia ya tofauti hiyo katika aina moja ya vitu, yaani vitu vinavyotengenezwa kwa kuunganisha nyuzi na kitu cha kuzishika. Siku hizi vitu vya namna hii, hasa vile ambavyo kishikio chake ni polima, hutumika katika mashua, magari, ndege, matangi na paa. Tutaanzia mitaa ya pembezoni ya Dar es Salaam, Kinondoni na Temeke, kwa sababu huko ndiko ujuzi wa kuunganisha nyuzi na kishikio ulikoishi mikononi mwa mafundi muda mrefu kabla ya kuingia katika maabara, na kwa sababu mafundi hao wanayo maneno tunayoyahitaji. Mwishoni tutapendekeza istilahi chache.

Jambo hili si la anasa ya lugha. Mwalimu wa chuo cha ufundi akifundisha kwamba bamba la kuezekea "imara" ni lile linalobeba uzito mkubwa, mwanafunzi wake atachagua bamba ambalo litabeba uzito huo siku ya majaribio, kisha litapasuka siku nazi itakapoliangukia. Ofisa wa serikali akiandika katika masharti ya zabuni kwamba kifaa kiwe "imara", muuzaji ana haki ya kuchagua maana inayompunguzia gharama. Neno likibeba sifa mbili, anayeumia ni yule atakayelala chini ya paa lile.

Ukuta wa fito

Nyumba ambayo wageni waliiita nyumba ya Kiswahili ndiyo iliyojenga Dar es Salaam ya watu wa kawaida. Ilikuwa na ukumbi katikati, vyumba pande zote mbili, na ua nyuma. Nguzo na boriti zake zilikuwa aghalabu za mikoko, nyingi zikiletwa kutoka delta ya Rufiji. Baina ya nguzo zilifungwa fito kwa kukingama, nje na ndani, zikakazwa kwa kamba. Nafasi kati ya safu mbili za fito ilitomewa kwa udongo na mawe, kisha ukuta ukakandikwa kwa udongo uliopondwa vizuri. Mwenye uwezo alipaka chokaa juu yake. Paa lilikuwa la makuti. Baadaye likawa la madebe yaliyonyooshwa, na mwisho la mabati.

Nyumba za namna hii ndizo zilizojaa Manzese, Mtoni na Tandika wakati serikali ilipobadili msimamo wake kuhusu makazi yasiyopimwa katika miaka ya 1970. Badala ya kuyabomoa, ilikubaliwa kuyaboresha. Mradi wa Taifa wa viwanja na huduma, uliopata mkopo wa Benki ya Dunia mwaka 1974, ulipima viwanja vipya Sinza, Kijitonyama na Mikocheni, na kuiboresha Manzese, ambayo wakati huo ilikuwa Kinondoni na leo imo katika Wilaya ya Ubungo. Awamu ya pili ilifika Mtoni na Tandika, katika Temeke. Barabara, mabomba ya maji na taa vilipelekwa penye nyumba zilizokwisha kujengwa. Hivyo nyumba ya fito na udongo, ambayo sheria za ujenzi za kikoloni ziliihesabu kuwa ya muda tu, ilipata kutambuliwa kuwa mali.

Tuutazame ukuta huo kwa jicho la mhandisi. Udongo peke yake huhimili kugandamizwa, lakini hauwezi kuvutwa wala kupindwa. Ukikauka hupasuka. Fito peke yake huvutika na kupindika, lakini haizibi upepo wala haisimami wima. Vikiunganishwa, udongo hushika fito mahali pake na kuzikinga, na fito huuzuia udongo usimwagike. Ufa ukitokea katika udongo, husafiri mpaka ukutane na ufito. Hapo hauwezi kuukata ufito, hivyo hugeuka na kuufuata ubavuni. Ndiyo maana ukuta wa nyumba ya zamani unaweza kuwa na nyufa nyingi na bado ukasimama kwa miaka mingi. Unaoshindwa ni ukuta ambao mchwa wamekula fito zake: kwa macho ni ule ule, na udongo wake ni mgumu vile vile, ila siku ya mvua kubwa huanguka kwa pamoja.

Fundi hakuyaita mambo haya kwa majina ya kitaalamu, lakini aliyatofautisha. Udongo mkavu aliuita mgumu. Boriti ya mkoko iliyokataa kupindika aliiita kakamavu. Ufito ambao ukiupinda unarudi, na ukiuvunja unabaki umeshikana kwa nyuzi zake, aliusifu kuwa shupavu. Tutayarudia maneno haya.

Ulimbo na sandarusi

Kitu cha pili tunachopaswa kukifahamu ni kishikio chenyewe. Polima ni neno geni, lakini polima zenyewe si ngeni hapa. Polima ni kitu ambacho chembe zake ni minyororo mirefu iliyounganishwa kwa vipande vidogo vinavyofanana. Pamba, katani, mbao, mpira na ulimbo wa miti ni polima za maumbile.

Katika karne ya 19 pwani yetu iliuza nje polima moja yenye sifa kubwa, nayo ni sandarusi. Watu wa nchi za nyuma ya pwani ya Mrima, pamoja na Wazaramo walioishi katika nchi inayoizunguka Dar es Salaam ya leo, waliichimba ardhini, mahali ambapo misitu ya kale iliacha ulimbo wake ukagandamana kwa miaka mingi. Ilipelekwa Unguja, na kutoka huko wafanyabiashara, wakiwemo wa mji wa Salem nchini Marekani, waliipeleka kwao ikatengenezwe vanishi. Ikiyeyushwa na kupakwa juu ya mbao, sandarusi hufanya ngozi ngumu inayong'aa. Ikiwa peke yake, huvunjika kama kioo.

Tabia hiyo ya kuvunjika ndiyo iliyozikabili hata polima za viwandani. Mwaka 1907 Leo Baekeland, Mbelgiji aliyeishi Marekani, alitengeneza ulimbo kwa kuunganisha fenoli na formaldihaidi. Ulimbo huo, ulioitwa Bakelite, haukuyeyuka tena baada ya kuiva kwa joto, na haukupitisha umeme. Lakini ukiwa mtupu ulivunjika upesi. Ilibidi uchanganywe na unga wa mbao au vitambaa ndipo ufae kwa vishikio vya pasi na makasha ya redio. Hapo tunaona jambo lile lile la ukuta wa fito: kishikio kigumu kinahitaji nyuzi ili kisivunjike.

Elimu ya ufa

Kwa nini kitu kigumu huvunjika kwa mzigo ulio mdogo mno kuliko nguvu za viungo vya chembe zake? Jibu lilitolewa Uingereza na A. A. Griffith katika makala yake ya mwaka 1920 juu ya kioo. Alionyesha kwamba kila kioo kina nyufa ndogo zisizoonekana kwa macho, na kwamba mzigo hukusanyika kwenye ncha ya ufa. Ufa ukifikia urefu fulani, hujiendesha wenyewe. Alionyesha pia kwamba kioo kikivutwa kuwa uzi mwembamba sana, nguvu zake huongezeka mara nyingi, maana uzi mwembamba hauna nafasi ya kuwa na ufa mkubwa. Wahenga walisema kamba hukatikia pabovu. Griffith alipima ubovu huo.

Kutokana na hapo wahandisi walianza kuuliza swali jipya. Hawakuuliza tu kitu kinabeba kilo ngapi, bali inahitajika kazi kiasi gani ili kukipasua kabisa. Kwa kioo kazi hiyo ni ndogo sana, kadiri ya juli 10 au pungufu kwa mita moja ya mraba ya mpasuko. Kwa mbao iliyokatwa kwa kukingama na nyuzi zake ni kadiri ya juli 10,000. Tofauti ni mara elfu moja, ingawa mbao haina nguvu wala ugumu wa kioo. Kipimo hiki cha kazi ya kupasua ndicho sifa ya pili tuliyoitaja mwanzoni.

Mwaka 1964 J. Cook na J. E. Gordon walieleza jinsi nyuzi zinavyouzuia ufa. Walionyesha kwamba mahali nyuzi zinapogusana na kishikio chake panapaswa kuwa padhaifu kiasi. Ufa unapokaribia uzi, mgusano huo hufunguka mbele ya ncha ya ufa. Ncha kali hukutana na nafasi iliyofunguka, ikawa butu, nao mzigo uliokuwa umekusanyika hutawanyika. Kwa hesabu yao, mgusano wenye nguvu za kadiri ya moja ya tano ya nguvu za kitu chenyewe unatosha kufanya kazi hiyo. Ukiwa na nguvu kupita kiasi, ufa hukata moja kwa moja na kitu chote hukatika. Ukiwa dhaifu mno, nyuzi huchomoka bila kubeba chochote.

Hapa ndipo ilipo fundisho kuu la elimu hii. Anayetaka nguvu huimarisha mgusano ili mzigo upite vizuri kutoka kishikio hadi uzi. Anayetaka kitu kisichovunjika hulegeza mgusano ili nyuzi ziteleze na kuchomoka polepole, kila moja ikila sehemu ya kazi ya kupasua. Mbunifu analazimika kutafuta kadiri kati ya hayo mawili. Anaweza kubadili urefu wa nyuzi, maana uzi mfupi mno huchomoka kabla haujabeba mzigo. Anaweza kubadili mwelekeo wake, wingi wake, na ulaini wa kishikio. Lakini hawezi kuyafanya yote kwa neno moja la "kuimarisha".

Katani na saruji

Mmea wa katani uliletwa na Dkt. Richard Hindorf mwaka 1893. Asili yake ni Mexico, lakini yeye aliupata kutoka Florida. Katika miche 1,000 aliyoiagiza, ni 62 tu iliyofika hai katika Afrika ya Mashariki. Kutokana na hiyo yakazaliwa mashamba ya Tanga, Pangani, Korogwe na Morogoro. Mwanzoni mwa miaka ya 1960 Tanganyika iliongoza duniani kwa zao hili, ikitoa zaidi ya tani 200,000 kwa mwaka. Kisha kamba za polipropilini, polima iliyotokana na petroli na iliyogunduliwa katika miaka ya 1950, zikaichukua kazi ya kufungia majani makavu katika mashamba ya Ulaya na Marekani. Bei ya katani ikaanguka, na mashamba mengi yakarudi kuwa pori. Maelfu ya wafanyakazi walipoteza riziki zao kwa sababu ya polima ambayo wengi wao hawakupata kuisikia jina lake.

Wakati huo huo miji ilikuwa ikikua, na mabati yalikuwa ghali. Kiwanda cha saruji cha Wazo Hill, upande wa kaskazini wa Kinondoni, kilikuwa kimeanza kazi mwaka 1966. Katani ilikuwapo, saruji ilikuwapo. Mabamba ya saruji na asbesto yaliyotumika kuezekea majengo ya umma yalianza kushukiwa, kwa kuwa vumbi la asbesto huharibu mapafu. Lilikuwa jambo la busara kuuliza kama katani ingeweza kushika nafasi ya asbesto. Swali hilo lilifanyiwa kazi katika miaka ya 1970 na 1980 hapa nchini na katika nchi nyingine. Kitengo cha Utafiti wa Majenzi cha Wizara ya Ardhi, kilichokuwa Mwenge, ndicho kilichokabidhiwa masuala ya vifaa vya ujenzi vya bei nafuu. Mwaka 2001 kitengo hicho kiligeuzwa kuwa Wakala wa Taifa wa Utafiti wa Nyumba Bora na Vifaa vya Ujenzi.

Bamba la saruji na katani likiwa jipya lilikuwa jema. Liligongwa, likapata ufa, wala halikuvunjika. Lakini baada ya misimu kadhaa ya mvua na jua lilibadilika. Liliendelea kubeba uzito wake, ila likigongwa lilivunjika kama chungu. Sababu yake ilielezwa na Hans-Erik Gram wa Sweden katika utafiti alioutoa mwaka 1983. Maji yaliyo ndani ya vitundu vya saruji ni makali kama magadi. Ukali huo huyeyusha lignini na vitu vingine vinavyogundisha seli za uzi wa katani, na uzi mrefu hugawanyika kuwa seli fupi zisizoweza kushika ufa. Kulowa na kukauka kwa zamu kunaharakisha uharibifu huo. Dawa mojawapo ilikuwa kuondoa sehemu ya saruji na kuweka vumbi laini la silika ili kupunguza ukali wa maji hayo. Dawa nyingine ilikuwa kuacha bamba kubwa na kutengeneza vigae vidogo vinene, ambamo kazi ya nyuzi ni kukishika kigae kinapokuwa kibichi tu.

Msomaji aone jinsi lugha inavyohusika hapa. Bamba lile halikupoteza sifa zote mbili. Lilipoteza moja. Anayeandika kwamba "uimara wa bamba ulipungua" hajasema lolote la kumsaidia fundi.

Katani na ganda la korosho

Hatua iliyofuata ilikuwa kuiondoa katani katika saruji na kuitia katika ulimbo. Hapo historia yetu inapata jambo la kujivunia, maana ulimbo uliochaguliwa ulitokana na zao letu. Mkorosho uliletwa Afrika ya Mashariki na Wareno kutoka Brazili, na Tanzania ilipata zaidi ya tani 140,000 za korosho ghafi katika msimu wa 1973/74. Ganda la korosho lina mafuta meusi makali yanayochubua ngozi. Kila aliyebangua korosho kwa mikono anayajua. Sehemu kubwa ya mafuta hayo ni asidi anakadiki. Yakichemshwa hutoa hewa ya kaboni dioksaidi, na kinachobaki zaidi ni kadanoli, ambayo ni ndugu wa fenoli ya Baekeland. Kwa hiyo nayo huungana na formaldihaidi ikawa ulimbo unaoiva kwa joto.

Tofauti iliyopo baina ya ndugu hao wawili ni kubwa kwa mada yetu. Chembe ya kadanoli ina mkia mrefu wa kaboni 15. Mikia hiyo hukaa baina ya minyororo na kuizuia isikazane mno. Hivyo ulimbo wa korosho ni laini zaidi, hupindika kidogo kabla ya kupasuka, na hauvunjiki upesi kama ndugu yake. Maumbile yametia ndani yake sehemu ya dawa ambayo viwanda huongeza kwa gharama.

Mtaalamu aliyelifanyia kazi jambo hili ni Elifas Bisanda wa Chuo Kikuu cha Dar es Salaam, pamoja na Martin Ansell wa Chuo Kikuu cha Bath, Uingereza. Mwaka 1991 walitoa matokeo juu ya katani katika ulimbo wa epoksi, na mwaka 1992 juu ya katani katika ulimbo wa ganda la korosho. Mwaka 1993 Bisanda aliandika juu ya utengenezaji wa mabamba ya kuezekea kwa nyuzi za katani. Baadaye Profesa Bisanda akawa Makamu Mkuu wa Chuo Kikuu Huria cha Tanzania, chenye makao makuu Kinondoni.

Kazi yao iligusa mahali pale pale Cook na Gordon walipoonyesha, yaani penye mgusano. Uzi wa katani hupenda maji, na juu yake una nta. Ulimbo haupendi maji, hivyo hauenei vizuri juu ya uzi. Uzi ukilowekwa katika kostiki soda, nta huondoka na ngozi ya uzi huwa na mikwaruzo ambayo ulimbo unaweza kuishika. Ukipakwa silani baada ya hapo, hupungukiwa na hamu ya maji, na kitu chote kinastahimili unyevu vizuri zaidi. Katika jiji la pwani kama Dar es Salaam, ambako unyevu hauondoki hewani mwaka mzima, jambo hilo si dogo. Lakini kila hatua ya kuuimarisha mgusano yapasa kupimwa upande wa pili vilevile, ili nyuzi zisinaswe mno zikakosa nafasi ya kuchomoka.

Katani ina sifa yake hapa. Uzi wa kioo una nguvu za megapaskali 2,000 na zaidi, na wa katani kadiri ya 400 hadi 700. Kwa upande wa nguvu, katani imeshindwa. Lakini ni nyepesi: gramu 1.45 hivi kwa sentimita ya ujazo, ilhali kioo ni 2.5. Na mwaka 1987 watafiti wa India, Pavithran na wenzake, walipolinganisha nyuzi za katani, nanasi, mgomba na kumbi katika ulimbo wa poliesta, katani ndiyo iliyohitaji kazi kubwa zaidi kuvunjwa kwa kishindo. Ndani ya kila uzi wa katani zimo seli nyingi zilizofungwa pamoja, nazo huachana na kuchomoka mmoja mmoja. Kila uzi ni kama tita la fito lililokandikwa.

Leo paa za Kinondoni na Temeke ni za bati. Bei na mazoea vina nguvu zao. Hata hivyo viwanda vya magari vya Ulaya vimeweka nyuzi za katani na kitani katika mabamba ya ndani ya milango, na elimu iliyopatikana hapa ingali hai katika vyuo vyetu. Kijana atakayeiendeleza atahitaji kuisoma, na akiisoma kwa Kiswahili atahitaji maneno.

Mapendekezo ya istilahi

Tangu Baraza lilipoundwa kwa sheria ya mwaka 1967, desturi imekuwa kutafuta neno kwanza katika Kiswahili chenyewe, kisha katika lugha nyingine za Kiafrika, na mwisho katika lugha za kigeni. Kwa mada hii hatuna haja ya kwenda mbali.

Kwanza, kitu kilichofanywa kwa nyuzi na kishikio tunapendekeza kiitwe mseto. Neno mchanganyiko halitoshi, kwa sababu chumvi na maji vikichanganyika hupotezana. Katika mseto wa mchele na choroko kila punje hubaki ilivyo na huonekana, na bado mlo ni mmoja. Serikali ya mseto inafahamika kwa maana hiyo hiyo. Tutasema basi mseto wa polima, mseto wa saruji.

Pili, kile kinachozizunguka nyuzi na kuzishika tunapendekeza kiitwe kandiko, kutokana na kitenzi kukandika. Kandiko laweza kuwa udongo, saruji au polima. Polima inayomiminwa ikiwa majimaji kisha ikaiva tutaiita ulimbo, na jina la sandarusi libaki kwa ulimbo ule wa kuchimbwa. Mahali kandiko na uzi vinapokutana patakuwa mgusano.

Tatu, sifa zenyewe. Uwezo wa kubeba mzigo kabla ya kukatika uitwe nguvu. Kukataa kupindika au kunyooka chini ya mzigo kuitwe ukakamavu. Kukataa kukwaruzwa na kutobolewa kuitwe ugumu. Na kazi inayohitajika ili kukipasua kitu iitwe ushupavu. Kinyume cha ushupavu ni wepesi wa kuvunjika. Hivyo kioo ni kigumu na kikakamavu, lakini si kishupavu. Kamba ya kumbi ni shupavu bila kuwa ngumu. Neno "imara" na "uimara" yabaki katika lugha ya kila siku, na katika hotuba, wala yasiingie katika masharti ya zabuni na vitabu vya mafunzo pasipo kufafanuliwa.

Yapo mapingamizi tunayoyatarajia. Wapo watakaosema kwamba ushupavu ni sifa ya mtu, kama vile shujaa shupavu. Ni kweli, na maana hiyo haidhuriki. Mtu shupavu hasifiwi kwa kutoumia. Husifiwa kwa kuumia na kutoanguka. Hiyo ndiyo sifa tunayoitaka kwa bamba. Wapo pia watakaopenda maneno ya kigeni yaliyotoholewa, kwa hoja kwamba mwanafunzi atakutana nayo katika vitabu vya kimataifa. Tumeyapokea hayo pale ambapo kitu chenyewe ni kigeni: polima, epoksi, silani, kadanoli. Lakini kupasuka na kutopasuka si mambo mageni kwetu.

Hitimisho

Tumeona kwamba ukuta wa fito wa Manzese, bamba la saruji na katani, na mseto wa katani na ulimbo wa korosho, ni sura tatu za jambo moja. Katika kila sura swali ni lile lile: nyuzi zishikwe kiasi gani ili zibebe mzigo, na ziachiliwe kiasi gani ili zizuie ufa? Swali hilo haliwezi kuulizwa vizuri katika lugha ambayo ina neno moja kwa pande zote mbili. Kiswahili hakina upungufu huo. Maneno yake yamekuwa yakitumika katika ujenzi, wala hayakuandikwa vitabuni kwa maana zake kamili.

Tunawaomba wafasiri, walimu na maofisa watakaoyatumia maneno haya watuletee maoni yao. Zaidi ya hayo, tunawaomba wawaulize mafundi wa mitaani kwao: waliowahi kukandika nyumba, wanaoziba mashua kwa kalafati, na wanaotengeneza vyombo vya faibaglasi. Wawaulize kitu kinachovunjika ghafla wanakiitaje, na kile kinachopasuka bila kuachana wanakiitaje. Majibu yao yatatufaa kuliko orodha tutakayoitunga mezani peke yetu.